Habak ya Takaba

Ramlo Nunow hakuwa mchoraji, wala hakupenda kuitwa hivyo. Alitengeneza kadi za mialiko ya harusi kwa mkono, katika chumba kimoja cha mabati mtaani Bulla Iftin, Garissa, na kadi hizo zilijulikana kwa jambo moja: uso wa kila kadi ulikuwa na msuko wa mkeka. Kwa wafugaji wa Kisomali, binti anapoolewa, mama yake na jamaa zake wa kike humsukia mikeka ya kufunikia aqal, ile nyumba ya fito zilizopindwa ambayo bibi arusi huhamia. Mkeka wa namna hiyo huitwa kebed. Siku hizi bibi arusi wa Garissa huhamia nyumba ya mawe yenye vigae sakafuni, na hakuna anayemsukia chochote. Ramlo aliirudisha kebed kwenye mwaliko, na watu walipopitisha vidole juu yake walivirudisha tena kabla ya kusoma.

Njia yake ilikuwa hii. Alitwanga chaki nyeupe hadi ikalainika kama unga, akaichanganya na habak iliyolowekwa katika maji, yaani utomvu wa mgunga unaoganda juu ya gome na kuuzwa sokoni kwa vipande. Uji huo mzito aliupaka juu ya karatasi ya manila kwa ukingo wa rula. Kabla haujakauka, alilaza juu yake kipande cha kebed alichorithi kwa bibi yake, kilichopakwa mafuta ya simsim kidogo ili kisigande. Akakikandamiza kwa viganja, kisha akakiinua taratibu kwa pembe moja. Msuko wote ulibaki nyuma, kila uzi mahali pake. Ukikauka, aliupitishia rangi hafifu ya hina, na juu yake akaandika majina ya maarusi kwa wino mweusi.

Kazi hiyo aliianza baada ya kufiwa. Mumewe, Abdiwahid, alikuwa dereva wa lori. Lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa katika barabara ya kwenda Mandera, na kilicholetwa nyumbani kilizikwa siku hiyo hiyo bila mtu yeyote kuruhusiwa kukifunua. Eda ilipokwisha, ndugu wa marehemu, Guleid, mfugaji wa Takaba, alikuja kutimiza desturi iitwayo dumaal, ambayo kwayo mjane huolewa na ndugu wa mumewe ili watoto wasitoke katika ukoo. Ramlo alikataa. Alikataa kwa adabu, lakini alikataa. Guleid hakukasirika. Alisema tu kwamba, mambo yakiwa hivyo, basi Ikran, mtoto pekee wa ndugu yake, arudi kwa watu wa baba yake.

Ikran alikuwa na umri wa miaka kumi. Alisoma vizuri, na hesabu alizipenda kuliko chakula. Huko nyumbani kwa Guleid, nje ya Takaba, wasichana wa umri wake walichunga mbuzi, wakateka maji, na baada ya miaka michache wakaolewa. Ramlo alilijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe alilelewa hivyo.

Shauri lilifikishwa kwa wazee wa ukoo wanaoishi Garissa, na aliyeketi mbele yao alikuwa Mzee Warfa, mtu mkavu, mwenye sauti ndogo. Guleid ndiye aliyeanza kusema.

“Dumaashi,” alisema, akimwita Ramlo kwa neno la heshima aitwalo mke wa ndugu, “sikatai kwamba unafanya kazi. Lakini ngamia huzaa. Mbuzi huzaa. Hata punda, mkorofi yule, huzaa. Karatasi haizai. Mtoto wa ndugu yangu ataishi kwa kitu kisichozaa?”

“Na wale ngamia wako waliokufa kwa ukame, shemeji, walizaa nini?”

Wazee walicheka, na Guleid akacheka pamoja nao. “Walizaa fisi wanene,” alisema.

Mzee Warfa hakucheka. Aliuliza kama Ramlo alikuwa na kazi yoyote mkononi. Akajibiwa kwamba Fatumo, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa amemwagiza kadi zote za harusi ya binti yake Nasteho, na kwamba jamaa za familia hiyo walitapakaa kuanzia Garissa hadi Wajir na Mandera.

“Basi kazi hiyo ndiyo itakayosema,” Mzee Warfa aliamua. “Ukiifanya ikasifiwa, tutasema una mji wako, na mtoto atakaa nawe. Ikikushinda, ataondoka na baba yake mdogo. Mmekubali?”

Walikubali wote wawili. Kabla ya kurudi Takaba, Guleid alifika nyumbani kwa Ramlo na kiroba begani, akakitua mlangoni.

“Habak,” alisema. “Nilisikia kwamba ndiyo unayotumia. Hapa sokoni mnauziwa vumbi. Hii watoto wangu wameiokota wenyewe, mti kwa mti.”

Ramlo alikipokea kiroba kwa mikono miwili. Mtu anayetaka kukunyang'anya mwanao hana haja ya kukuletea zawadi, na kwa sababu hiyo aliithamini zaidi.

Hitilafu ilianza na kadi za kwanza kabisa za Nasteho. Asubuhi uso wa kadi ulikuwa mgumu kama ukucha. Adhuhuri, joto lilipopanda ndani ya mabati, ulilegea. Ukiuwekea kidole, kidole kiliacha alama, na msuko wa kebed ulilala kama majani yaliyokanyagwa. Kadi mbili zikigusana, ziligandamana. Jioni zilikuwa ngumu tena. Nyuma ya kila kadi, baada ya siku mbili tatu, lilijitokeza doa la mafuta, la rangi ya manjano.

Ramlo hakuwa mtu wa kupapatika. Alikata manila vipande vidogo, na katika kila kipande akabadilisha jambo moja tu, mengine yote akayaacha yalivyo, kwa kuwa anayebadilisha mawili kwa pamoja hatajua lipi limemponya. Kwanza alishuku jua, akakausha kipande chini ya kitanda. Adhuhuri kililegea. Akashuku maji, kwa sababu mfereji ulikuwa umekauka na alikuwa akitumia maji ya kisima yenye magadi. Akapata mtungi wa maji ya mto Tana, akayachuja, akalowekea habak humo. Kililegea. Akashuku unene, akapaka uji mwembamba kiasi cha kuonyesha karatasi. Msuko haukushika vizuri, na huo mdogo ulioshika ulilegea. Mwisho, kwa ajili ya lile doa la manjano, alishuku mafuta ya simsim. Akakandamiza kebed kavu, isiyopakwa chochote. Kebed iliondoka na nusu ya chaki, na nusu iliyobaki ikalegea.

Kilichobaki hakijapimwa kilikuwa habak, na habak hakuipima. Hakuisahau. Ilikuwa zawadi ya ndugu wa marehemu, iliyookotwa na watoto wake, na kuichunguza kulikuwa sawa na kumchunguza aliyeileta. Mtu akikupa maziwa huyakorogi kutafuta unywele mbele yake. Ramlo hakulisema hilo hata moyoni mwake. Kila mkono wake ulipoelekea kwenye kiroba, ulirudi kwa rula.

Siku za harusi zilikaribia. Fatumo alituma mtu kuuliza, kisha akatuma tena. Ndipo Ramlo alipokwenda kwenye duka la vifaa vya shule na vya nyumbani, ambalo mwenyewe wake alikuwa mtu wa kutoka Mwingi, mcheshi, aliyemfahamu siku nyingi.

“Nataka boda,” Ramlo alimwambia kwa Kiswahili.

“Boda ya kwenda wapi, Mama Ikran? Nikuitie ile ya kijana mwenye kofia?”

“Wewe mtu wa Mwingi, mimi nacheka na wewe? Boda ya mtoto! Ya kobo!”

“Aah! Poda ya kopo! Sasa mbona hukusema?”

“Nimesema. Masikio yako ndio imejaa mchanga.”

Mtu yule alicheka hadi akaegemea rafu, na Ramlo akacheka kidogo, akaondoka na poda yake. Nyumbani alinyunyizia kila kadi poda hiyo, akaisugua kwa kitambaa laini, na uso uliokuwa ukinata ukawa mkavu na mtelezi. Kisha akachoma uunsi, ule ubani wenye sukari na manukato, akazifukiza kadi zote kama watu wanavyofukiza nguo za harusi. Zilipendeza. Aliishika moja adhuhuri, na haikunata. Chini ya poda ilikuwa laini vilevile. Alilijua hilo. Kadi za jamaa wa Wajir na Mandera, zilizokuwa na safari ndefu, zilichukuliwa jioni hiyo, zikafungwa pamoja katika maboksi, zikapakiwa katika basi la alfajiri.

Asubuhi iliyofuata Ramlo alikwenda sokoni kununua uunsi zaidi, kwa ajili ya kadi za Garissa zilizokuwa zimebaki. Aliyemuuzia siku zote alikuwa Khadijo, mwanamke mnene aliyeketi nyuma ya masinia ya ubani na utomvu wa kila aina. Khadijo alipokea mkono wake, hakuuachia, akausogeza puani.

“Abaayo, dada yangu, mbuzi wako wameingiwa na kupe?”

“Mbuzi gani? Nitafugia wapi mbuzi, chini ya kitanda?”

“Basi mbona unanuka hagar?”

Ramlo alinusa kiganja chake mwenyewe. Hakusikia kitu. Alikinusa tena, polepole, na safari hii aliisikia: harufu nzito, chungu, ambayo wafugaji wote wa kaskazini wanaijua. Hagar ni utomvu wa mti mwingine kabisa. Hutwangwa, huchanganywa na maji, na mifugo hupakwa ili kupe waanguke. Ramlo alikulia ndani ya harufu hiyo. Alipokuwa mtoto ilikuwa katika nguo zake, katika maziwa, katika nywele za mama yake, na kiroba cha Guleid kilipofunguliwa chumbani mwake, pua yake haikuitambua kuwa harufu. Iliitambua kuwa nyumbani.

“Lakini alisema ni habak,” alisema.

“Nani alisema?”

“Shemeji yangu. Wa Takaba. Watoto wake wameokota.”

“Hakusema uongo,” Khadijo alijibu. “Sisi tuna neno moja tu, maskini. Kinachotoka kwenye mti ni habak. Mwambie mtoto wa malisho aokote habak, ataokota ya mgunga, ataokota ya hagar, ataokota hata ile ya mti wa nyuki, atie vyote ndani ya kiroba. Si amefanya alichoambiwa? Hii ya kwangu naichambua mimi, punje kwa punje, ndiyo maana nina kiuno kibovu.”

Akachukua vikombe viwili vya chai, akatia maji. Katika kimoja alitumbukiza kipande cha utomvu wa mgunga, katika cha pili kipande cha hagar, akavikoroga kwa kijiti. Baada ya muda kimoja kilikuwa na maji safi, mazito kidogo. Cha pili kilikuwa cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na juu yake yalielea macho ya mafuta.

“Hicho hakikauki,” Khadijo alisema. “Kikipata joto kinarudi kuwa chozi. Umekitumia kwa kazi gani?”

Ramlo alikuwa amekwisha inuka. Alinunua habak ya mgunga, akasahau uunsi aliokuja kuununua, akaenda moja kwa moja hadi kituo cha basi. Basi la Mandera lilikuwa limekwisha fika mbali katika barabara ya Wajir. Alisimama pale akiwa na simu mkononi. Jina la Fatumo lilikuwa kwenye kioo, na kidole chake kilikuwa juu ya jina hilo, lakini hakulibonyeza. Alijiambia kwamba kwanza atengeneze kadi mpya, zilizo njema, ndipo azungumze akiwa na kitu cha kuonyesha.

Alizitengeneza. Alifanya kazi siku ile na siku ya pili yake, na kadi zilikauka zikabaki zimekauka, adhuhuri na jioni, msuko ukiwa umesimama imara kiasi kwamba kivuli kilikaa ndani ya kila kifundo. Zilikuwa kadi bora kuliko zote alizopata kuzitengeneza. Fatumo alimkuta amezitandaza juu ya kitanda.

“Naa, Ramlo!” Fatumo aliita kabla hajaingia. “Mimi nimekukosea nini?”

“Karibu, eddo,” Ramlo alisema, akimwita shangazi. “Kaa.”

“Sikai. Boksi la Wajir limefunguliwa, kadi zimekuwa tofali. Wamezibandua kwa kisu, majina yamebaki upande wa pili, bwana harusi ameandikwa kwenye paji la uso la bibi arusi. Na zinanuka. Zinanuka dawa ya kupe! Jana shangazi wa bwana harusi amenipigia simu kutoka Mandera. Unajua ameniuliza nini? ‘Fatumo, mnatualika harusini au mnatupeleka kwenye josho? Mmetuona tuna kupe?’ Wanawake wote nyuma yake wanacheka. Nimewasikia.”

“Nimepata kosa lilipo,” Ramlo alisema. “Tazama hizi, eddo. Ziguse. Zimekauka.”

“Na aibu yangu itakauka lini?”

Fatumo hakuzigusa. Mialiko mingine ya harusi ile ilichapishwa kwa mashine mjini, karatasi laini yenye picha ya maua, na kwa muda mrefu baadaye watu wa Wajir walisema, mtu akialikwa mahali asipotaka kwenda, kwamba amepakwa hagar.

Guleid alirudi kwa lori la mbuzi, na wazee wakaketi tena. Ramlo alikuja na vitu vitatu katika mfuko: kadi iliyoharibika, kadi njema, na konzi moja ya habak kutoka katika kile kiroba. Alieleza yote kwa utaratibu: jua, maji, unene, mafuta. Alipofikia habak, alimtazama kwanza Guleid. Mzee Warfa alimwambia aendelee.

“Habak ilikuwa na hagar ndani yake,” alisema.

Palitokea mnong'ono. Mmoja wa wazee alisema kwa sauti kwamba mtu hulaumu ngoma akishindwa kucheza. Lakini Guleid alinyoosha mkono, akaichukua ile konzi, akainusa, akaichambua kwa kidole kiganjani.

“Anasema kweli,” alisema. “Hii ni ya mgunga. Hii, na hii, na hii, ni hagar. Niliwaambia watoto waokote habak, wakaniletea habak. Sikuitazama.” Akamgeukia Ramlo. “Wallahi, dumaashi, sikujua.”

“Najua, shemeji.”

“Basi kosa si lake,” alisema mzee mwingine. “Zawadi ndiyo iliyomharibia kazi.”

Kwa muda mfupi chumba kizima kilionekana kuelekea upande wa Ramlo. Mzee Warfa aliinua ile kadi iliyoharibika, akapitisha kidole juu yake, akakitazama kidole. Kilikuwa cheupe.

“Hii ni nini?”

“Poda.”

“Ya habak?”

“Ya watoto, mzee. Niliipaka juu.”

“Ulipoipaka, ulikuwa unajua kwamba kadi haijakauka?”

Angeweza kusema kwamba hakujua. Hakuna mtu katika chumba kile aliyeijua kazi yake kiasi cha kumpinga.

“Nilijua,” Ramlo alisema.

“Na ulipoambiwa sokoni ni kitu gani kimeharibu, ulimpigia simu Fatumo?”

“Hapana.”

Mzee Warfa aliirudisha kadi chini. “Habak ni ya Guleid,” alisema, “na Guleid ameikubali. Poda ni yako. Sisi hatukukuuliza kama utakutana na kosa. Kila kazi ina kosa. Tulitaka kujua kama mtu aliyekutegemea anaweza kulala.” Hakupandisha sauti. “Mtoto ataondoka na baba yake mdogo.”

Guleid aliirudisha ile konzi katika mfuko wa Ramlo, punje kwa punje. Shauri lilikuwa limeamuliwa kama yeye mwenyewe alivyoliomba, na mtu hakatai alichoomba mbele ya wazee.

Ikran aliondoka siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa amevaa sare ya shule, kwa sababu ndiyo nguo yake iliyokuwa nzima kuliko zote, na alibeba vitabu vyake katika mfuko wa plastiki, ingawa Guleid alikuwa amemweleza kwa upole kwamba shule iko mbali na boma. Lori lilikuwa tupu, likinuka mbuzi. Turnboi, msaidizi wa dereva, alimpandisha Ikran mbele, kati ya dereva na mlango.

“Hooyo, utakuja lini?” Ikran aliuliza.

“Idd.”

“Idd ipi?”

Ramlo alimfunga vizuri ushungi, akaiingiza ncha chini ya kidevu. Kisha akazunguka hadi upande wa pili, alikokuwa Guleid akikagua kamba.

“Shemeji, nina ombi moja, na sitaomba la pili. Usimwoze kabla hajamaliza kusoma.”

Guleid aliivuta kamba, akaikaza, akaivuta tena. Alikuwa mtu mkweli. Tangu mwanzo hakuwahi kumdanganya, na asubuhi ile pia hakumdanganya.

“Mvua ikinyesha,” alisema.

Huko Takaba mvua ilikuwa haijanyesha msimu wa tatu sasa, na mbuzi waliobaki walihesabika. Mtu asiye na mifugo huozesha binti ili apate mifugo. Ramlo alilijua hilo, naye Guleid alijua kwamba analijua, na hakuna hata mmoja wao aliyelitamka. Guleid alipanda juu, akaketi mahali penye kivuli cha turubai. Dereva aliwasha injini. Ikran alitoa mkono dirishani, akaupunga, na lori likashika barabara ya Wajir.